Pasaka Bila Meza

Kila mwaka Kwaresima inapokaribia huzuka watu wa kusema kwamba jambo hili ni la Warumi, na kwamba sisi Waanglikana wa kanda ya ziwa, tuliopata mapokeo yetu kwa CMS, hatuna haja ya majivu wala kitambaa cha zambarau mezani. Ndugu zetu wa Masasi, Korogwe na Unguja, waliolelewa na UMCA, wao hupakwa majivu na kuungama mbele ya padre, nasi huwatazama kwa jicho la pembeni kana kwamba wanajipamba. Mabishano hayo ni ya zamani na sitayaingia. Kitabu cha Sala tunachokishika mikononi kina Jumatano ya Majivu, kina Juma Takatifu na kina Ijumaa Kuu. Anayesema mambo haya si yetu na akisome kwanza. Ugomvi wangu ni mwingine, nao unahusu nani anayeibeba Kwaresima katika makanisa yetu, na ni kitu gani kinachompata huyo mbebaji asubuhi ya Pasaka, mzigo unapotuliwa.

Nianze na mambo yanayoonekana kwa macho. Hapa Nyasho, siku za Kwaresima, mtu akitaka kujua kanisa linafanya kazi gani asiende kanisani Jumapili saa nne. Aende Ijumaa jioni, watu wa sokoni wanapokunja meza zao, aone watu kumi au kumi na wawili wamebanana kwenye sebule ya nyumba ya kupanga, viti vimeazimwa kwa jirani, watoto wako mkekani, na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama anasoma somo la siku hiyo kwa mwanga wa simu kwa sababu umeme umekatika. Aende hospitalini saa za kuona wagonjwa, amwone mzee wa kanisa akipita kitanda kwa kitanda na chupa ya uji mkononi, akiwauliza hata wale wasio wa dhehebu lake kama wameshakula. Aende Jumamosi mchana kwenye darasa la kipaimara, ambako mwinjilisti anarudia Amri Kumi kwa vijana ambao nusu yao wanawaza mpira. Na kukitokea msiba usiku, aangalie ni nani anayegonga mlango wa kwanza.

Katika kazi zote hizi mtafute kasisi, humwoni. Sisemi ni mvivu. Makasisi wetu wengi wanachoka kuliko tunavyojua. Yuko Bunda kwenye semina, au yuko kijijini kwenye mazishi, au pikipiki imemharibikia njiani, au amejifungia ndani anaandika taarifa ya robo mwaka ambayo ofisi inaidai. Ninachosema ni kwamba Kwaresima ya kweli, ile ya kufunga, kusali na kutoa, inaendeshwa na walei: wainjilisti, wasomaji, wazee wa kanisa, na akina mama. Hawa hawana mshahara, hawana nyumba ya kanisa, na majina yao hayasomwi kwenye sinodi isipokuwa siku ya kutaja marehemu.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Waislamu kuanza Ramadhani, na mwaka 2026 mifungo yote miwili ilianza katika juma moja. Mtu mwenye macho alipata nafasi ya kulinganisha. Majirani zangu Waislamu hawakungoja mtu awaanzishie. Mpika uji wa futari alijua kazi yake, mtoto wa miaka kumi na miwili aliona fahari kufunga siku nzima kama baba yake, na waliposwali nyumbani alitangulia mbele yule aliyejua kusoma vizuri kuliko wenzake. Sisi mpaka juma la pili tulikuwa bado tunaulizana kama mchungaji ameshafungua Kwaresima. Ati tunaomba ruhusa ya kutubu! Na wengine wetu hufunga nyama kisha wakahamia kwa sato. Mkaaji wa Musoma anayejinyima nyama ya ng'ombe ili ale sato wa kukaanga kwa ndizi, naye anaijua bei ya sato siku hizi, huyo hajafunga. Amejipandisha cheo.

Lakini kufungua Kwaresima kuna namna moja ambayo haisahauliki hata mwaka mmoja, nayo ni bahasha. Bahasha huwahi kufika kabla ya majivu. Katika asili yake jambo hili ni jema sana: unachojinyima tumboni unampa mwenye njaa, kama nabii Isaya anavyoeleza katika sura ya 58, kwamba mfungo ambao Mungu anaukubali ni ule unaomvika aliye uchi na kumwingiza maskini nyumbani. Sasa tazama mahali bahasha zetu zinakokwenda. Zinakwenda kwenye bati, kwenye vipaza sauti, kwenye lengo la mwaka ambalo halikufikiwa mwezi wa Desemba. Sina neno na bati, kwa kuwa kanisa linalovuja ni aibu. Lakini liitwe mchango wa bati, lisiitwe Kwaresima. Mjane auzaye dagaa kwa sado pale sokoni ametoa shilingi zake akidhani anamlisha mtu aliye chini yake, kumbe ametoa deni la fundi.

Niliwahi kuketi katika halmashauri ya kanisa moja, ambalo sitalitaja, juma la tatu la Kwaresima. Ajenda zilikuwa saba. Ya kwanza hadi ya tano zilikuwa za fedha kwa majina mbalimbali, ya sita ilikuwa mapokezi ya mgeni, na ya saba ilikuwa mengineyo. Posho ya mwinjilisti, iliyokuwa haijalipwa kwa miezi mitano, ilikuwa ndani ya mengineyo. Tulipoifikia ilikuwa saa moja na nusu usiku na watu wameshashika funguo za baiskeli. Mwenyekiti akasema jambo hilo ni zito, lifikiriwe kikao kijacho, tusimame kwa neema. Aliyeombwa kufunga kwa sala alikuwa mwinjilisti mwenyewe. Akafunga kwa sala, na akatuombea safari njema.

Sasa nije kwenye Pasaka. Watu wa ziwani watanielewa upesi. Dagaa huvuliwa gizani. Taa, ambazo zamani zilikuwa karabai na siku hizi nyingi ni za sola, huwavuta dagaa juu ya maji kwa sababu hakuna mwanga mwingine wa kushindana nazo. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazifui dafu. Wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu, hushona nyavu, hulipana madeni, hukaa na watoto wao. Kila mwezi ziko siku hizo chache ambazo mwalo wote uko nyumbani. Na Pasaka, kwa kanuni ya Kanisa tangu zama za kale, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu ulioangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, Juma Takatifu huja na mbalamwezi. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25 Machi na Pasaka ikawa tarehe 31. Mwaka 2026 ulikuwa mpevu tarehe 2 Aprili, ndiyo Alhamisi Kuu yenyewe, na Pasaka ikawa tarehe 5.

Maana yake ni kwamba, hata kama kanisa lisingefanya uinjilisti wowote, kalenda imeshawafikisha wavuvi mlangoni. Waume ambao mwaka mzima huonekana ibadani kwa nadra wako nchi kavu, wameoga, wana mashati safi, na wake zao wamewashawishi. Mwinjilisti amewaandaa kwa siku arobaini. Wapo waliopatana na ndugu zao ili wasiikaribie Meza ya Bwana wakiwa na kinyongo. Wapo waliorudisha nyavu za watu. Asubuhi ya Pasaka wanafika, kanisa limejaa mpaka nje chini ya mwembe, na Meza haipo. Kuna Sala ya Asubuhi, kuna kwaya mbili, kuna mahubiri mazuri tu. Mkate na divai havipo, kwa sababu kasisi hayupo.

Tufanye hesabu bila hasira. Tuseme kasisi ana mitaa minane. Mwaka una Jumapili 52. Akizunguka kila Jumapili mtaa mmoja, bila kuugua wala kufiwa, kila mtaa utamwona Jumapili sita au saba. Toa sinodi, toa semina, toa harusi za mjini na wageni wa ofisi, toa masika ya Machi na Aprili njia zinapokatika. Zinabaki nne, labda tano. Pasaka ni moja na yeye ni mmoja. Atakuwa kwenye kanisa kubwa la parishi, na hatuwezi kumlaumu. Mitaa saba iliyobaki itaambiwa kwamba Meza itakuja Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Lakini Jumapili hiyo mwezi umeshaisha, giza limerudi, na usiku uliotangulia wavuvi walikuwa majini mpaka alfajiri! Kasisi anafika na chombo chake cha divai, anawakuta akina mama na watoto kama kawaida, anaandika kwenye taarifa kwamba wanaume wa mtaa huu ni wagumu.

Huo ugumu ni wa nani?

Mtu atasema hali hii ni ya siku zote, tangu enzi za wamisionari, tuizoee. Ni kweli kwamba upande huu wa ziwa Injili ilitembea kwa miguu ya walei tangu mwanzo. Mwezi wa Desemba mwaka 1893 mmisionari George Pilkington, ambaye mwenyewe hakuwa kasisi, alijitenga katika kisiwa cha Kome, ng'ambo ya Uganda, na aliporudi Mengo moto aliotoka nao uliwapeleka walimu wengi Waganda katika visiwa na nchi za jirani, watu wasio na kola wala cheti. Apolo Kivebulaya alikuwa mwalimu wa namna hiyo alipokwenda Mboga, Kongo, mwaka 1896, akapigwa na kufungwa kabla mtu yeyote hajamwekea mikono. Na Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukavuka mipaka yote ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 na 1940, uliendeshwa na wauguzi, walimu, makarani na wakulima waliokuwa wakiungama hadharani, na makasisi wengi waliukasirikia kwanza kabla ya kuupokea.

Kwa mkoa wetu jambo hili ni wazi zaidi. CMS walikuwa na stesheni Nassa, Usukuma, si mbali na Bunda ya leo. Mwaka 1909 waliikabidhi kwa Africa Inland Mission, wakaenda zao. Wakatoliki walikuwa na mapadre, Wamenonite walifika Shirati mwaka 1934 na wamisionari wao kutoka Marekani, Wasabato walikuwa na shule zao. Waulize wazee wa makanisa yetu ya Kianglikana mkoani Mara ibada ya kwanza mahali pao iliongozwa na nani. Mara nyingi utatajiwa karani, fundi cherehani, mwalimu wa shule ya msingi, au mwanamke aliyeolewa kutoka mbali akaja na Kitabu cha Sala katika sanduku la nguo. Dayosisi ya Mara ilipozaliwa mwaka 1985, ikitolewa katika Dayosisi ya Victoria Nyanza, ilikuta makanisa yameshakuwepo. Tangu mwaka 2010 mkoa huu una dayosisi tatu, kwa kuwa Tarime na Rorya zilipata zao. Sinung'uniki, askofu aliye karibu ni bora kuliko aliye mbali. Lakini ikiwa tumeweza kumsogeza askofu karibu na watu, tunashindwaje kuisogeza Meza?

Kuanza kazi bila kasisi kulikuwa ni lazima. Kuendelea hivyo kwa miaka arobaini, tukimwita mtu yule yule mwinjilisti hadi anazikwa, hakukuwa lazima, tumechagua. Na hapa ndipo hoja yangu ilipo: waliobeba Kwaresima kwa miaka kumi, kumi na mitano, ishirini, wakaonekana waaminifu mbele ya watu wanaowajua mpaka jikoni, wawekewe mikono wawe makasisi wa mahali hapo hapo, wakiendelea na nyavu zao, majembe yao na chaki zao.

Wazo hili si langu. Kasisi Mwingereza Roland Allen, aliyewahi kuwa mmisionari nchini China, alitoa mwaka 1912 kitabu akilinganisha njia za Mtume Paulo na njia za wamisionari wa siku zake. Paulo, alisema kwa maana, alikaa mahali kwa muda mfupi, akaweka wazee katika kila kanisa kama tunavyosoma katika Matendo 14, kisha akaondoka na kumwachia Roho Mtakatifu; sisi tunakaa miaka hamsini na bado tunasema hawajawa tayari. Alitaka kila kanisa dogo liwe na makasisi wake wa kujitolea, wenye kazi zao za mikono. Maaskofu wa wakati wake walimsikiliza kwa adabu na hawakufanya kitu. Allen alihamia Kenya uzeeni, akajifunza Kiswahili akiwa mzee wa nywele nyeupe, akatafsiri tenzi (mwanawe, J. W. T. Allen, ndiye yule mtaalamu wa tenzi anayefahamika na wasomi wetu), akafa Nairobi mwaka 1947. Amelala katika ardhi yetu, nasi hatumsomi.

Wako waliomsoma mbali na hapa. William Gordon alikuwa askofu wa Kanisa la Episcopal kule Alaska kuanzia mwaka 1948 hadi 1974. Huko vijiji vimetupwa mbali kwenye barafu, na askofu alikuwa akiruka mwenyewe na ndege ndogo kutoka kijiji hadi kijiji. Kasisi wa kutoka nje alikuja, akashindwa na baridi, akaondoka; kijiji kikabaki na msomaji wake mzawa, mvuvi au mwindaji, akiongoza sala mwaka mzima bila Meza. Gordon akaona ni upuuzi. Akaanza kuwawekea mikono wazee wa vijiji hivyo hivyo, bila kuwapeleka chuo cha mbali, ili watu wao wapate Sakramenti. Tofauti ya barafu na mchanga wa Majita siioni kuwa kubwa kiasi cha kubadili hoja.

Nitaje pia njia nyingine, niikatae. Kule Sydney, Australia, ambako ndiko alikotoka George Chambers, askofu wa kwanza wa Central Tanganyika mwaka 1927, wako wanaosema mlei aruhusiwe tu kuongoza Meza bila kuwekewa mikono. Sinodi yao ilipitisha jambo hilo mwaka 1999, askofu mkuu wao akakataa kulitia sahihi. Alifanya vema. Ikiwa mwinjilisti wa mwaloni anafaa kusimama Mezani, basi anafaa kuwekewa mikono. Na kama hafai kuwekewa mikono, asisimame. Kumpa kazi bila daraja ni kumfanyia kile kile ambacho tumemfanyia kwenye posho: afanye yote, asiwe kitu.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa nimeyasikia.

La kwanza ni elimu. Mwinjilisti hakufika kidato cha nne, hajasoma Kongwa wala Buguruni, atapotosha. Ndugu zangu, huyu mtu tunamwachia mimbari Jumapili zaidi ya 40 kwa mwaka. Anahubiri maneno ya kichwa chake mbele ya watu wetu, watoto wetu na wageni, na hakuna anayekagua. Kama kuna mahali pa kupotosha ni pale! Sala ya Ushirika Mtakatifu imechapishwa kitabuni neno kwa neno. Anayejua kusoma ataisoma kama ilivyo. Tunamkabidhi kisu kikali na kumnyima kijiko, kwa hofu kwamba atajikata. Akihitaji mafunzo, na anahitaji, masomo ya Theolojia kwa Enezi yapo. Mtu anasoma nyumbani kwake, anakutana na mwalimu kwa vipindi, na samaki wake hawaozi. Kumtoa baba wa watoto sita mwaloni kwa miaka mitatu ili aende Dodoma ni kumwambia kwa upole kwamba hatumtaki.

La pili ni fedha: makasisi wengi, mishahara mingi. Lakini ninayemsema hataki mshahara. Paulo alishona mahema. Nadhani hofu iliyofichika hapa ni nyingine, nami nitaisema kwa kuwa hakuna anayeisema. Siku ya Meza ni siku ya sadaka kubwa. Watu hujiandaa, huja na kuku, huja na debe la mtama, mnada wa baada ya ibada huchangamka, na kasisi hurudi na hesabu ya kueleweka. Meza ikiwa ya kila juma, ikiongozwa na mtu wa pale pale, itakuwa ya kawaida na sadaka yake itakuwa ya kawaida. Kama hiyo ndiyo sababu, tuiandike kwenye mihtasari ili wajukuu wetu waisome.

La tatu ni heshima. Ati kasisi anayenuka dagaa atalishushia hadhi kanisa. Hili sitalijibu kwa urefu. Mtu aliyesoma habari za Petro na Andrea anaweza kulijibu mwenyewe.

La nne lina uzito zaidi, nami silipuuzi. Kasisi wa mahali hapo hapo ana ukoo mahali hapo hapo. Akikosana na shemeji yake kuhusu mpaka wa shamba, je, atamnyima Ushirika? Akiwa mlevi, ni nani atakayemrudi, wakati wazee wote ni wajomba zake? Katika mkoa wetu, ambako koo zina nguvu na visasi vinakumbukwa, jambo hili linaweza kuharibu kanisa. Kwa sababu hiyo nasema wasiwekwe mmoja mmoja. Wawekwe wawili au watatu kwa mtaa, wasiwe wa ukoo mmoja, na wawe chini ya kasisi wa parishi, ambaye sasa atakuwa na muda wa kufanya kazi ambayo kwa kweli ni yake, yaani kuwafundisha, kuwakagua na kuwarudi. Leo hafanyi hivyo. Leo ni mpanda pikipiki anayesafirisha divai.

Na hili la mwisho litawaudhi hata baadhi ya wanaonikubalia hadi hapa. Tukisema tunatafuta watu waliopimwa, waliobeba kanisa kwa miaka mingi bila kulipwa, wanaojulikana kwa kutembelea wagonjwa na kupatanisha nyumba, basi katika mitaa yetu mingi orodha itakayopatikana itakuwa ya wanawake. Umoja wa Akina Mama ulianzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, kwa ajili ya malezi na ndoa. Huku kwetu umekuwa ndio mgongo wa parishi. Dayosisi zetu hapa Tanzania hazina msimamo mmoja juu ya kuwapa wanawake ukasisi, nami sitegemei kwamba kurasa hizi zitawapatanisha. Nauliza tu wale wanaokataa: mnakataa kwa sababu ya Maandiko, nasi tunaweza kukaa na kuyasoma pamoja, au kwa sababu mkikubali hapatabaki mtu wa kupika siku askofu akija?

Mwaka huu nilimweleza mambo haya mwinjilisti mmoja wa mwaloni, si yule wa halmashauri niliyoisimulia, ila hali zao ni moja. Alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliofunikwa, anashona wavu, kwa kuwa ilikuwa mbalamwezi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hataki.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mzee, mtu akipewa ukasisi anahamishwa. Nimemwona ndugu yangu. Walimpeleka mahali asikojua hata lugha ya kusalimia, mke akabaki huku analima. Mimi watu wangu ni hawa."

Nikamwambia kwamba ninachokisema ni asihamishwe kamwe. Kwamba kanzu itundikwe katika nyumba ile ile yenye nyavu. Alikata uzi kwa meno, akafikiri.

"Kama ni hivyo, sawa," akasema. "Lakini posho ya mwaka jana walipe kwanza."